Kitalu cha Ngatini, Ghorofa ya Nne

Kaka yangu Mwadini alipotuandikia kwamba ameoa Jakarta, mama alilia siku mbili na mimi nilicheka. Mwanamume aliyewakataa mabinti wote wa Mikunguni kaangukia kwa Mjava! Nilikuwa sijamwona huyo mke, lakini kasoro zake zote nilikwisha kumpangia. Mawifi wa kwetu hatusubiri ushahidi.

Nilimwona mwaka 1998, na si Jakarta bali Guangzhou. Jakarta ilikuwa imechafuka, fedha yao imeporomoka, na wafanyabiashara wetu waliokuwa wakinunua vitambaa kule walihamia China mmoja mmoja. Mwadini akapanga chumba na sebule katika mtaa wa Dengfeng, ghorofa ya nne, akaniita nije nimsaidie kuchagua magauni kwenye masoko ya Liuhua, kwa sababu kaka yangu akiachiwa kuchagua mwenyewe huleta magauni ambayo hata marehemu bibi angeyakataa. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mfupi, mwembamba, miguu peku, vidole vya miguu vimetanuka kama vya mtu aliyekanyaga tope maisha yake yote. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Karibu, Mbak Muzdalifa," akasema.

Mbak kwa Kijava ni dada. Yeye jina lake Ngatini. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Unguja, alichofundishwa na mumewe, lakini alikizungumza polepole na kwa heshima hata ukajisikia wewe ndiye mgeni wa lugha.

Nilimtafutia kosa wiki nzima nikakosa. Alfajiri alikuwa macho. Kufika saa nne alikwisha kushuka sokoni, kapanda ngazi zote zile na kapu, kawapikia wafanyabiashara kumi na tano wa mtaa ule, Wabara na Wazanzibari, Waislamu kwa Wakristo, na sakafu imepigwa deki. Mpaka wauza mboga walimpenda, na wauza mboga wa Guangzhou si watu wa kupendapenda wateja. Nikabaki na jambo moja tu la kushikilia. Juu ya jiko, kwenye msumari, alikuwa ametundika miganda mitatu ya mpunga, mashuke yake yamefungwa kwa uzi, meusi tititi kwa masizi. Nikasema moyoni, huo uganga. Sikumuuliza. Kiburi kilinizuia, na kiburi hicho ndicho kilichokuja kunitia aibu ambayo sijaimaliza mpaka leo.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia Desemba, na baridi ya Guangzhou wakati huo inaingia mpaka kwenye meno. Jumapili moja swaumu ilinishika pabaya: nilitamani pepeta. Kwetu Ramadhani bila pepeta si Ramadhani. Shangazi yangu wa Donge alikuwa akituletea kila mwaka, mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa, tunachanganya na nazi na sukari. Mimi mtoto wa mjini, mpunga naujua ukishakuwa wali, lakini kumwona shangazi akitengeneza niliwahi kumwona, na hilo lilinitosha kujiona fundi.

Ngatini alitoka saa mbili asubuhi. Kila Jumapili alikwenda kwenye kibanda cha simu kumpigia mama yake, na siku ile baada ya simu angepitia Liuhua kumsaidia Mwadini kufunga marobota. Nyumba ikawa yangu. Nikapanda kwenye kigoda, nikaishusha ile miganda mitatu, nikaipukusa yote, nikaiosha masizi, nikairoweka kwenye beseni kwa maji ya vuguvugu. Alasiri nikaanza kukaanga. Chungu kilikuwa kidogo, kikachukua kiasi cha miganda miwili, iliyobaki nikaiacha majini isubiri zamu yake. Kinu sikuwa nacho, nikatwangia kwenye bakuli la chuma kwa mti wa kusukumia chapati. Majirani wa ghorofa ya tatu walipiga dari kwa ufagio.

Wa kwanza kuingia alikuwa Wangari, jirani yetu wa mlango wa pili, Mkikuyu wa Nyeri aliyekuwa akinunua viatu kupeleka Nairobi. Kufunga hafungi, ila kufuturu hakosi. Akachota pepeta, akatafuna, akaacha kutafuna.

"Muzda, hii kitu ni ngumu kama mawe. Mchele umeutoa wapi?"

"Pale juu ya jiko."

Akautazama ule msumari mtupu, mkono ukamwenda mdomoni. "Woi! Hiyo ilikuwa mbegu, wewe! Shosho yangu, yule bibi yangu wa Nyeri, alikuwa anatundika mahindi ya kupanda hivyo hivyo, juu ya moto, ndio moshi ifukuze wadudu. Umekaanga mbegu ya watu!"

Hapo ndipo Ngatini aliposukuma mlango. Alikuwa amekuja mbele ya mumewe, na uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha ambayo sijawahi kuiona kwake. Hakutusalimia hata vizuri.

"Mbak, nimezungumza na Simbok," akasema. Simbok ndivyo alivyomwita mama yake. "Ule mpunga mpya wa serikali umeliwa na wadudu, kijiji kizima. Na mbolea yake sasa hawaiwezi. Wanautaka mpunga wetu wa zamani, ule usiotaka mbolea, lakini mwaka wa ukame watu wote waliula mpaka mbegu. Simbok kaniuliza kama ile miganda aliyonipa harusini ninayo bado. Nimemwambia ninayo. Alilia kwenye simu, Mbak. Nimemwambia..."

Akatazama msumari.

Nimegombana na watu wengi katika maisha yangu, na laiti angenigombeza siku ile ningejua la kumjibu. Alichofanya ni kuuliza, "Yote?" Nikamwonyesha beseni. Akalichutamia, akatia mkono majini, akazifikicha zile punje kwa vidole.

"Maji yalikuwa ya moto?"

"Vuguvugu."

"Tangu saa ngapi?"

"Asubuhi."

Akashusha pumzi. Muda wa kufuturu ulikuwa umefika. Akanawa, akala tende yake, akanywa maji, kisha akachukua pepeta kidogo kwenye kiganja akaila mpaka ikaisha. "Ngumu," akasema, akarudi kwenye beseni lake. Nilikwenda chooni nikalia huko, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira, hasira zangu juu yangu mwenyewe.

Usiku ule nilijitia akili nikamwambia tuzianike, zikauke, tuzirudishe msumarini. Akatikisa kichwa. Mbegu zile zilikuwa na karibu miaka mitatu. Mwaka unaoingia ndio ungekuwa wa mwisho wa kupandwa, na alikuwa akisubiri Machi, joto lirudi. "Sasa zimeshaamka," akasema. "Nikizirudisha kulala sijui kama zitaamka tena. Nitazipanda sasa."

"Baridi hii? Utazipanda wapi?"

"Hapa."

Na kweli alizipanda pale, ghorofa ya nne. Kwanza alizifunga kwenye kipande cha gunia chenye unyevu, akaziweka juu ya televisheni, kwa sababu televisheni ile ya mtumba ilikuwa ikipata moto mgongoni. Siku ya tano zikaanza kutoa vijinyweleo vyeupe. Akazihesabu moja moja: mia mbili na kumi na saba. Nyingine zote zilikuwa zimezeeka. Halafu akamwendea bibi mmoja wa Kichina aliyekuwa akileta mboga mtaani kwetu kwa mzega, vikapu viwili na mti begani, sote tukimwita Popo, ambalo kwa lugha ya huko ni bibi, si mnyama. Kwa Kichina chake cha sokoni na mikono yake yote miwili akamweleza kwamba anataka tope la shambani. Popo alicheka mpaka akaweka mzega chini. Asubuhi ya pili, chini ya sukuma wiki zake za Kichina, kulikuwa na mfuko wa tope.

Mabeseni sita. Yalijaa dirishani, juu ya kabati, mengine juu ya marobota ya magauni ya Mwadini. Kaka yangu akilalamika kwamba hawezi kutazama mpira bila kuona shamba. Nailoni za kufungia mizigo Ngatini alizigeuza mahema, akaning'iniza taa ya balbu katikati, na jiko la mkaa likasogezwa karibu. Watu wa mtaa walikuja kutazama. Wenye maduka wakimwona kwenye ngazi wakimwita "laoban wa mpunga," yaani bosi, na kucheka. Yeye naye alicheka nao, kisha alipanda juu kwenda kubadilisha maji.

Mimi nilijipa kazi ya kuchemsha maji ya vuguvugu asubuhi na jioni. Hakuniomba. Ni katika kuinama kule juu ya mabeseni, majira yote yale ya baridi, ndipo nilipokifahamu kijiji cha Kedungwaru kuliko vijiji vya kwetu Unguja.

Ni nyumba sitini ubavuni mwa mlima. Kuta za mianzi iliyosukwa, sakafu ya udongo ambayo Simbok huifagia mpaka inang'aa. Familia yao ilikuwa na majaruba manne ya mpunga yaliyopangana kama ngazi, la juu kabisa dogo kiasi kwamba ng'ombe wa kulimia akigeuka mkia wake uko kwa jirani. Maji yalikuja kwa zamu. Zamu ya baba yake ikifika, alikaa na jembe lake kwenye kingo mpaka maji yameingia jaruba la mwisho, kwa sababu walikuwako majirani wema sana ambao wakiona umesinzia hukusaidia kuyaelekeza kwao. Baba alikufa Ngatini akiwa na miaka kumi na tisa. Simbok hakuuza hata jaruba moja.

"Mnapanda vipi?" nilimuuliza.

"Kinyumenyume. Wanawake tunapanga mstari, tunarudi nyuma huku tunachomeka, ili tusikanyage tulichopanda. Msichana akipanda mshazari tunamwambia atapata mume mwenye makengeza."

"Na Mwadini je?"

"Mwadini ana macho mazuri. Nilipanda vizuri."

Wali wa mpunga wao, alisema, haukuwa wa kila siku. Miezi ya njaa, kabla ya mavuno, walikula muhogo uliokaushwa na kupondwa, na mama alikuwa akiupika kwa namna ambayo mtoto hajui kama huo ni umaskini. Mboga za kando ya mfereji, samaki wadogo wa majarubani, tempe, yaani soya iliyochachushwa na kufungwa kwenye jani. Shughuli yoyote, iwe mtoto kazaliwa au mtu kafa, majirani waliitwa, wakaomba dua, kila mmoja akaondoka na fungu lake la chakula kupelekea waliobaki nyumbani. Nilimwambia sisi kwetu tunakula papo hapo na mfuko wa kubebea tunauficha kwenye buibui. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Na kuvuna? Hapo tulibishana. Mpunga wa Menur, kwa maana hilo ndilo jina lake, hawaukati kwa mundu. Wana kisu kidogo sana, kinafichika ndani ya kiganja, na wanakata shuke moja baada ya jingine, kwa utaratibu, ili mpunga usishtuke.

"Mpunga una masikio?" nikasema. "Wifi, hiyo si shirki hiyo?"

"Ni adabu tu, Mbak," akajibu. "Mpunga ndio uliotulea. Ukimfuata mama mzazi na panga mkononi ndiyo dini?" Kisha akaniambia kuhusu fungu. Siku ya mavuno yeyote anakuja, hata asiye na shamba, hata mliyegombana naye. Anavuna, na katika kila miganda mitano mmoja ni wake. Hakuna anayefukuzwa.

Februari baridi ikazidi. Miche ikaanza kugeuka manjano, ikafa kumi, ikafa ishirini. Kila asubuhi Ngatini aliing'oa iliyokufa, akaikunja mkononi. Jumapili alikwenda kupiga simu, akirudi anakwenda moja kwa moja kwenye mabeseni. Nilijua anamwambia mama yake miganda ingali ipo, anamdanganya kwa sababu yangu, na nikawa siwezi kumtazama akivaa viatu kwenda kwenye simu. Mara moja, mwezi ule, nilimkuta amekaa sakafuni usiku wa manane amelikumbatia beseni moja pamoja na blanketi. Umeme ulikuwa umekatika. Nilileta blanketi langu nikachukua beseni la pili.

Aprili, ilibaki themanini na minne.

Popo alikaa kijiji cha wakulima kaskazini ya jiji, saa moja na nusu kwa basi. Tulikwenda na mabeseni mapajani, abiria wakitutazama. Ngatini alipoomba kona ya shamba, Popo alijibu "mei you, mei you," neno ambalo sokoni tulilisikia mara mia kwa siku: hakuna. Pembeni mwa bwawa lake la samaki palikuwa na kipande kisichozidi misala mitatu ya kusalia, kimejaa magugu. Ngatini akakunja nguo yake, akaingia topeni, akaanza kung'oa bila kuomba tena. Popo alimtazama. Akatazama vile vidole vya miguu vilivyotanuka. Kisha akavua viatu, naye akaingia, na miguu yake ilikuwa vilevile. Wakapanda pamoja, wakirudi kinyumenyume, na lugha hawakuihitaji.

Mpunga ule ulikua mrefu kunipita kifua, na wa Popo jirani yake ukaishia magotini. Julai ukaja upepo mkubwa wa kule, redio ikatangaza siku mbili kabla, na mpunga mrefu ukilala majini unaoza. Safari hii sikungoja kuambiwa. Nilichukua kamba zote za marobota ya Mwadini, nikambeba Wangari kwa maneno mengi mpaka akakubali, tukaenda. Tulifunga mashina manne manne chini ya mvua, matope mpaka kwenye kilemba. Wangari alinitukana kwa Kiswahili cha Nairobi njia nzima ya kurudi. Mpunga ulisimama.

Mwisho wa Agosti ukaiva. Popo alikuja na mundu wake. Ngatini akamwonyesha wembe alioupachika kwenye kijiti, kwa kukosa kisu chenyewe, na namna ya kuuficha kiganjani. Popo akauweka mundu chini. Tulikuwa watu watano pale: wao wawili, mimi, Wangari, na Mwadini aliyekata mashuke sita akasema mgongo. Asubuhi nzima ilikuwa kimya, unasikia tu sauti ndogo ya shina likikatika. Sikucheka tena habari ya masikio.

Tulipomaliza Ngatini akafunga miganda, akaipanga kingoni, akaanza kugawa. Wa Popo, wa Wangari. Akaja kwangu na mganda.

"Mimi hapana," nikasema. "Wifi, mimi unanijua nilichofanya."

"Umevuna?"

"Nimevuna."

"Basi." Akaniwekea mikononi.

Oktoba alisafiri kwenda kwao na mbegu kwenye mkoba, zimefungwa kwenye kanga aliyoletewa na mama yangu, ambaye wakati huo alikwisha kunyamaza kulia na kuanza kuuliza kila simu, "Mke wa Mwadini hajambo?" Ngatini alikaa huko mwezi mzima. Majaruba mawili ya Simbok yalipandwa Menur, na nyumba kumi na moja zikawekewa ahadi ya mbegu za msimu uliofuata.

Aliporudi Dengfeng alinipa kifurushi kidogo cha jani kavu. Ndani kilikuwamo kisu chenyewe, ubao mwembamba uliolainishwa na kiganja cha mtu kwa miaka mingi, na makali yasiyozidi kidole.

"Kimetoka kwa Simbok," akasema. "Kilikuwa chake. Kasema nimpe yule aliyeiokoa mbegu."

Nikakirudisha kisu kwenye jani lake. "Ngatini, umemwambia nini mama yako?"

"Nimemwambia kweli. Kwamba niliogopa baridi, nikawa naahirisha, na mbegu ilikuwa inakufa msumarini bila mimi kujua. Kwamba wifi yangu ndiye aliyeitia maji."

"Na ile niliyokaanga?"

Alikuwa amekwisha kufungua bomba, anaosha mchele wa chakula cha mchana cha watu kumi na tano.

"Hiyo nilimwambia tulifuturu," akasema.